Letasi Haitaki Blanketi

Mwaka wa sabini na sita kikundi chetu cha mboga hapa Mghange kilianza kupanda letasi, yale majani ya kuliwa mabichi, ya kupeleka Mombasa. Bwana shamba Oduor alikuja na pikipiki yake akatugawia mbegu ndogo kama ugoro. Akasema tuzifunike vizuri, kina cha pingili ya kidole. "Mbegu inataka blanketi," akasema, watu wakacheka.

Mimi nikiambiwa kitu nakifanya sawasawa. Nikapima kwa kidole, nikafunika, nikashindilia. Hakuna kilichoota. Nikarudia, nikamwagilia asubuhi na jioni mpaka mgongo ukaniuma. Wapi! Na Hudson, mvivu yule wa kikundi chetu, aliyemwaga mbegu na kupitisha tawi juu mara moja, zake zikaota tele.

Oduor akatangaza mbele ya watu, "Udongo wa Mama Loise umekufa." Mwenyekiti wetu, Mzee Elijah, akasema nikishindwa mara ya tatu, kipande changu cha kando ya mfereji atapewa Hudson. Kipande nilichokitoa mawe kwa mikono yangu, mimba ya Loise ikiwa tumboni! Nililia kwa hasira, sikatai.

Siku hiyo, nikirudi kutoka kuchota maji, nikaona letasi changa kwenye ukingo wa mfereji, mahali nilipokung'uta leso yangu baada ya kupanda. Zilikuwa juu ya tope, waziwazi, jua likizipiga. Nikaenda kutazama shamba la Hudson. Zake pia zilikuwa juu juu. Kumbe! Uvivu wake ulikuwa umeziachia mbegu mwanga, na utii wangu umezizika.

Mara ya tatu nilinyunyiza mbegu juu ya udongo laini, nikatandaza nyasi kavu chache tu ili jua lisichome, nikamwagilia kwa kukung'uta tawi lililolowa. Oduor akaja akaniona.

"Mama, funika!"

"Sifuniki."

"Utapoteza shamba."

"Nilipokusikiliza nilipoteza mara mbili. Hii ya tatu ni yangu."

Akaondoka akitikisa kichwa. Niliogopa, usidanganyike. Kila nikiona sisimizi, wezi wa mbegu, karibu na kitalu nilitamani kuwalaani kwa majina.

Jumamosi ya pili kikundi kizima kikaja, Hudson mbele na jembe lake begani. Nikaondoa nyasi. Kitalu kilikuwa kijani kutoka pembe hadi pembe. Hudson akashusha jembe.

Oduor akakohoa. "Mnaona, wenzangu? Mtu akifuata maagizo ya wataalamu..."

"Ala! Maagizo yapi?" nikamkata. "Njoo hapa, bwana shamba. Chutama. Waonyeshe hilo blanketi."

Akachutama. Hakuwa na la kufanya, watu walikuwa wamemzunguka. Mizizi ilikuwa imejishika juu ya udongo, na maganda ya mbegu yalionekana waziwazi. Akayagusa kwa kidole.

"Mbegu hii inataka kuona mwanga ndipo iamke," nikasema. "Udongo wangu haukufa hata siku moja."

Mzee Elijah akavua kofia. "Kipande ni chako, Mama Loise. Lakini sisi wengine utatufundisha?"

"Nitafundisha Jumatatu asubuhi," nikasema. "Na huyu aje bila pikipiki. Akae mbele, na daftari lake."

Alikuja. Alifika wa kwanza.