Aliyepimwa Kwanza

Kwa mama mkwe wa Fundi, mambo yalikuwa mepesi: aliyepimwa kwanza ndiye aliyeleta. Fundi, mshona nguo asiyejua kuumwa, alishikwa na homa na vipele, akaenda kliniki kwa miguu yake mwenyewe, akaambiwa ana virusi vya ukimwi. Akarudi akamweleza mumewe palepale, maana hakuwa na cha kuficha. Mume naye akapimwa, akakutwa navyo. Basi, kesi ikaishia hapo. Ukoo mzima ukamnyooshea kidole mwanamke, na mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjuaji kwa sababu hakuna jambo asilolitolea hotuba, kwa mara ya kwanza maishani mwake akafunga mdomo na kuwaachia wengine waseme.

Na mama mkwe huyu ndiye aliyemsifu siku ya posa! Alimshika mikono, akaiminyaminya, akauliza kama huwa anaumwaumwa, akafurahi mno kusikia hajawahi kulazwa. Mke wa kwanza wa Mjuaji alikuwa amekufa kwa kifua, ndivyo walivyosema, na mama alitaka safari hii mwanawe apate mwanamke mwenye nguvu. Fundi alivimba kichwa siku ile.

Sasa hata kliniki iliyomsaidia ikawa inamkandamiza. Vipimo vilionyesha kwamba maambukizi yake hayajafikisha mwaka, na wataalamu walikuwa wakifuatilia watu wa aina hiyo tu, waone ugonjwa unavyokwenda tangu mwanzo na dawa zinavyouzuia. Kwa hiyo kila mwezi aliitwa. Anatolewa damu, wanapima virusi, wanahesabu seli za kinga, wanamuuliza analalaje na anakulaje. Mjuaji yeye alipita kwenye dirisha la dawa, akachukua vidonge vyake, akarudi zake kwenye useremala.

"Mnaona?" mama mkwe aliwaambia mawifi. "Mgonjwa hasa ndiye anayeitwa kila mara. Mwanangu kaambukizwa tu, masikini."

"Mama, wanasema wangu ni mpya," Fundi alijaribu.

"Mpya! Kwani ugonjwa ni gauni?"

Mawifi wakaangua kicheko. Fundi akainamia cherehani yake. Hakuwahi kumjua mwanamume mwingine, kwa hiyo jibu alikuwa nalo. Tatizo ni nani angemwamini. Alikuwa amemuuliza muuguzi kuhusu mumewe, na muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma. "Dada yangu, majibu yake ni yake. Aseme mwenyewe."

Kisha kikaitishwa kikao cha familia. Fundi arudishwe kwao, na binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza chekechea, abaki kwa bibi. Habari hizo alizipata kwa wifi mmoja asiyejua kunong'ona. Tangu hapo hakulala vizuri. Kurudi kwao asingejali, hata kwa mguu mmoja angeenda, lakini si bila mtoto.

Siku ya kikao baba mdogo wa Mjuaji, ndiye aliyepeleka posa, alikaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni na kumpa mume nafasi ya kusema. Hapo Mjuaji akashindwa kujizuia.

"Baba mdogo, kabla ya hayo ya mke wangu, pale kliniki kuna upendeleo mkubwa! Huyu anapimwa kwa mashine kila mwezi, mimi natupiwa vidonge kama karanga. Nikaenda nikadai na mimi niingizwe. Wakanitoa damu. Jana narudi, wananiambia eti sifai! Eti wanawataka walioambukizwa karibuni, mimi wangu ni wa miaka mingi. Sasa niulize, mimi niwe wa miaka mingi, huyu wa juzi, inawezekanaje wakati sisi..."

Hapo mwenyewe akasikia alichokuwa anakisema. Wifi mmoja akashika shavu.

"Wako ni wa miaka mingi," baba mdogo alisema polepole. "Na wa mkeo ni wa juzi."

Fundi alijisikia mwepesi, karibu acheke. Akageuka kumtazama mama mkwe, amwone akiumbuka. Mama mkwe alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake, ametulia, hana mshangao hata chembe.

Wepesi wote ukamtoka Fundi. "Mama. Ulikuwa unajua."

"Tangu yule wa kwanza." Hakuinua macho. "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nife nimwache mwanangu hana wa kumpa hata maji? Ndiyo maana nilitafuta mwenye afya."

Fundi alihisi tena vile vidole vikiminya mikono yake. Baba mdogo alikohoa, akatazama dari, akatoa hukumu. "Basi hakuna wa kurudishwa. Abaki amwangalie mwenzake. Yaliyopita yamepita."

"Na nikitaka kuondoka na mtoto wangu?"

"Mtoto ni wa ukoo," alijibu baba mdogo, tena kwa upole.

"Kesho umpeleke mwenzio kliniki," mama mkwe aliongeza, kana kwamba wameshapatana. "Wewe ndiye unayejua njia."

"Njia mliijua kabla yangu, mama."

Binti wa Fundi aliingia mbio kutoka uani, akapanda mapajani mwa bibi, na bibi akamzungushia mikono yote miwili.

Kesho yake Fundi akampeleka. Mjuaji alikaa kwenye benchi la nje na muda si mrefu akawa anawahutubia wagonjwa wenzake kuhusu uaminifu katika ndoa. Ndani, muuguzi alifungua majibu, uso ukamchangamka.

"Hongera! Virusi vimeshuka mpaka mashine haivioni, na kinga imepanda. Inaonekana nyumbani wanakutunza."

Fundi alikunja mkono wa gauni, akaunyoosha mkono wake utolewe damu.

"Sana, sista," alisema. "Hata kunichagua, walinichagua wenyewe."