Vumbi Ndani ya Namba

Consolatha, mhasibu wa ghala la ufuta pale Mtunda, aliipokea stakabadhi kwa ncha za vidole viwili, kama anayetoa mende kwenye mchuzi. Haitham, mfanyabiashara wa Kibiti mwenye kanzu iliyonyooka na maneno ya asali, alidai ameweka magunia tisini. Consolatha mwenyewe alimpokelea arobaini.

"Imechapwa vizuri," alisema.

Sifa ikampanda Haitham kichwani. "Wallahi, mhasibu, stakabadhi zenu zinatia aibu. Namba zina vumbi ndani. Hii safi."

Consolatha nusura acheke. Bwege huyu alighushi karatasi, kisha akaona haya kuiacha chafu. Akavuta droo, akamsukumia kioo cha kukuzia na stakabadhi ya mteja mwingine.

"Tazama hilo vumbi, Bwana Haitham."

Haitham akainama. Ndani ya namba nne, kwa tarakimu ndogo kama mayai ya chawa, palichapwa nne, nne, nne, kutoka juu hadi chini. Ndani ya tisa, vivyo hivyo: tisa, tisa, tisa. Akaigeukia tisa ya stakabadhi yake. Ilikuwa nyeusi tii, haina hata alama.

"Sisi ni wachafu, bwana," alisema Consolatha. "Ndiyo maana hatuibiwi."