Kaa la Moto kwa Theopista

Uvumi ulianzia gulioni Muleba, mwaka ule wa kuhamia vijijini, ukamganda Klaudia: eti kule Hamugembe binti wa shule ameteketeza nyumba ya wazazi wake, kisa mwalimu kawafundisha kuwasha moto kwa Kiingereza. Nani alimwona huyo binti? Hakuna aliyejua.

Joviana, mwanawe wa darasa la saba, alicheka.

"Waitu mama," akambembeleza kwa Kihaya, "ni neno tu. *Kindle*. Ni kuwasha polepole, kwa vijiti, huku unapuliza. Kuteketeza kuna neno lake. Mwalimu anasema hata hamu ya kusoma huwashwa hivyo, ndani ya mtu."

"Hamu hiyo utaiwashia hapa jikoni. Jumatatu huendi shule."

Binti akaendelea kumenya ndizi.

Jumamosi hiyo Klaudia alikuwa ametandaza nyasi mpya sakafuni, wageni wa Jumapili wasikanyage udongo mtupu. Mafiga yakawa yamepoa, na duka la kijiji halikuwa na kiberiti. Akaenda kuomba kaa kwa jirani yake Theopista.

"Kumbe anayeogopa moto ndiye anayekuja kuuomba," Theopista akamtania, akimfungia kaa kwa majani makavu ya mgomba, kama wafanyavyo wote.

Klaudia alipofika mlangoni kwake akaona mbuzi kwenye kahawa iliyoanikwa. Akaliweka furushi ndani, juu ya zile nyasi, akamkimbilia. Aliposikia nyasi zinalia nyuma yake, moto ulikuwa umeshika mkeka uliotandikwa juu yake.

Joviana, aliyekuwa ndani akimenya ndizi, hakukimbia. Alikusanya nyasi zilizokuwa mbele ya moto akazitupa nje, kisha akamwaga beseni zima la maji ya kuoshea ndizi. Moto ukakosa pa kwenda.

Klaudia aliketi kizingitini.

"Nani kakufundisha kuuondolea njia?"

"Mwalimu. Siku ileile ya lile neno."

Lile kaa lilikuwa bado hai. Klaudia akalichukua kwa kigae, akalitia kwenye mafiga, akapanga vijiti vyembamba, akapuliza.

"Lile neno, hebu liseme tena," akasema. "Halafu ulete sare niifue. Jumatatu si mbali."

Akina mama, epukeni haya:

- Kubeba kaa kwa majani makavu. Tumieni kigae.
- Kuliweka kaa kwenye nyasi, hata kwa muda mfupi.
- Kukaa katika nyumba isiyo na maji ndani.
- Kumtoa mtoto shuleni kwa maneno ya gulioni.