Gari Lililoinua Pua

Fundi alilifungia gari lake la porini ekseli mpya ya mbele na springi ndefu, ngumu kama roho yake.

"Na nyuma je?" mkewe akauliza.

"Mlima hupandwa kwa mbele!"

Gari likatoka gereji limeinua pua, kama limesikia harufu mbaya. Fundi akajitia haoni, akamkaribisha mama mkwe awe abiria wa kwanza. Mkewe akamsukuma mama yake mpaka akaingia. Kuketi tu, akajikuta kalala chali, miguu juu, macho darini.

"Unalionaje, mama?" Fundi akauliza, akisubiri sifa.

Mama mkwe akaachama kinywa, kama yuko kwenye kiti cha daktari wa meno.

"Ng'oa tu, mwanangu. Ila ya mbele usiyaguse. Bovu liko nyuma."