Historia Fupi ya Marehemu Harwood

Nilikuwa mwalimu wa historia Bukoba kwa miaka kumi na minne, halafu nikaja Alexandria, huku Marekani, kupiga deki. Nalisema mapema tusije tukasumbuana. Nyumba niliyokuwa nikiisafisha mwaka tisini na nane ilikuwa makumbusho ya mheshimiwa mmoja wa zamani, Ezekiel Harwood, aliyekaa katika Bunge lao la kwanza na kutoa hotuba ndefu kuhusu uhuru. Watalii walitembezwa humo wakielezwa maisha yake, na mimi nilifuata nyuma na dekio.

Mwezi wa nne ikatangazwa nafasi ya mwongozaji wa wageni. Niliitaka mpaka nikakosa usingizi. Si kwa ajili ya magoti, ingawa magoti yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilitaka kusimama tena mbele ya watu, niseme, wanyamaze. Kila mwombaji angesimulia maisha ya Harwood mbele ya kamati, dakika ishirini.

Sasa maisha ya mtu aliyekufa mimi najua kuyasimulia kwa njia moja tu. Msiba wowote wa Watanzania, kuanzia Alexandria mpaka Bowie, anayeitwa kusoma historia ya marehemu ni mimi, Leokadia. Kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, kuugua, aliowaacha. Nikaketi nikaandika hivyohivyo.

Rafiki yangu Lusekelo, dereva wa teksi, Mnyakyusa asiye na haya, aliisoma mezani kwangu huku akimaliza ndizi zangu.

"Hawa watu arobaini na mmoja ni akina nani?"

"Watumwa wake. Wamo kwenye wosia, ndani ya kabati la kioo. Kile kioo nakifuta kila siku, majina nimeyashika yote."

"Dada Leo, unataka kazi au unataka kesi? Marehemu hasemwi vibaya. Futa hao. Weka digrii yako hapo, nyie Wahaya hiyo huwa hamsahau."

Nilimtukana kidogo, halafu nikafuta. Hakunishika mtu mkono.

Siku ilipofika, kamati walikuwa watano. Mwenyekiti, mama Whitcomb, ni wa damu ya Harwood mwenyewe, kilembwekeza au zaidi ya hapo. Mlinzi wa mlangoni, mzee mmoja mweusi mpole, alinifungulia, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Nikaanza. Marehemu alizaliwa mwaka 1741, mtoto wa tatu kati ya tisa. Alisomea sheria akafaulu vizuri. Mwaka 1789 akaingia Bungeni, akalitumikia taifa kwa moyo wote. Baadaye alianza kusumbuliwa na maradhi ya miguu. Madaktari walijitahidi sana kumtoa damu, lakini Mungu alimpenda zaidi. Ameacha mjane na watoto saba. Bwana mmoja wa kamati alivua miwani akafuta macho. Mtu mwenyewe amekufa karibu miaka mia mbili.

Nikaona nimewapata. Hapo ndipo mazoea yaliponichukua, maana kwetu historia ikiisha, ndugu hutambulishwa.

"Wana ukoo wa marehemu," nikasema, "tunaomba msimame tuwaone."

Mama Whitcomb akasimama, amefurahi, akatupungia mkono. Na mlinzi akasimama.

Jamani! Miaka miwili nampita yule mzee kila asubuhi, kibati cha kifuani kimeandikwa Harwood, nami nikidhani ni jina la nyumba, eti walinzi hupewa pamoja na sare. Mimi, mwalimu wa historia!

"Kaa tu, Bwana Harwood," mama Whitcomb akamwambia kwa upole. "Hajakuita wewe."

Hakukaa. Wala hakumtazama mama yule, alinitazama mimi. Na kwetu, mtu akisimama msibani akasema yeye ni wa marehemu, hafukuzwi. Anaulizwa.

"Mzee wangu," nikasema, "wewe ni wa nani?"

"Wa Dinah."

Dinah alikuwa wa kumi na tisa kwenye wosia, yeye na mtoto wake mchanga. Nilikuwa nimemfuta kwa mkono huu huu. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke nitumbukie.

"Ahsante, Leokadia," mama Whitcomb akasema. "Tumekusikia, inatosha."

"Bado sijamaliza aliowaacha," nikasema. "Marehemu ameacha pia Cato. Ameacha Phillis. Ameacha Ned, fundi seremala. Ameacha Suki na wanawe wawili."

Kabla sijafika jina la kumi, mama Whitcomb alikuwa ameshafunga faili langu na kulisukuma pembeni. Nikajua kazi imekwenda na maji. Iliniuma, nisidanganye. Nilipomtaja Dinah, mzee alivua kofia. Nikaendelea mpaka wa arobaini na mmoja.