Kiboksi cha Wifi

Roho ilianza kumchoma dobi siku ile mpima hewa, binti mwenye ngazi begani, alipoupita mlango wake na kwenda kupigilia kiboksi cheupe juu ya dirisha la wifi yake. Nyumba zao zilipeana mgongo: ya wifi ilitazama barabara ya malori, ya dobi ilitazama njia ya nyuma.

"Kinapima hewa," wifi alitangaza, mikono kiunoni, binti akiwa bado juu ya ngazi. "Wamezunguka mtaa mzima, wakaona pangu ndipo panafaa."

"Wangeniuliza mimi. Malori yakizidi, naona weusi kwenye mashuka kabla wewe hujaamka."

"Basi waambie wakupigilie shuka ukutani, wifi yangu."

Dobi akacheka kwa meno tu. Taa ndogo ya kijani ya kile kiboksi ilipokonyeza, aliona anakonyezwa yeye. Akajisemea: kama kinapima uchafu, basi kimuumbue mwenye nyumba. Kila siku saa nne asubuhi, wifi akiwa sokoni, akawa anakwenda kupulizia pasi yake ya mkaa chini ya lile dirisha, mpaka moshi unapanda.

Mwezi ulipokwisha, watu wakaitwa ofisi ya mtaa. Mpima hewa akatandaza ramani. Juu yake, mlango wa wifi ulikuwa mwekundu kama pilipili, rangi ya hewa chafu.

"Saa nne hapa panatisha kuliko njia panda," alisema. "Mwenyekiti anapendekeza malori yapitie njia ya nyuma."

Njia ya nyuma! Dobi akayaona mashuka yake yamegeuka matambara ya gereji. Akisema, wifi atamcheka mpaka kaburini. Asiposema, malori mlangoni.

"Ya saa nne ni mimi," akasema. "Ni pasi yangu."

Ofisi ikaangua kicheko.

"Jamani! Nafua mapazia kila wiki nalaani malori," wifi alipiga makofi, "kumbe ni mke wa kaka yangu!"

Mpima hewa hakucheka. Aliikunja ramani. "Tutapima upya, mwezi mzima, bila pasi. Lakini mama, huo weusi wa mashuka, huwa unauona saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yakipanda malori ya mchanga. Ijumaa ndiyo balaa."

Binti akatoa kalamu, akaandika. Dobi akamwona wifi anaikodolea macho kalamu ile, midomo imemvimba kwa wivu. Naye dobi akasogeza kiti mbele, akaongeza sauti.