Adapta ya Kijiji

1

Pini inaingia. Taa inawaka. Sauti haitoki.

Somoe Mbonde ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, utadhani ni kuku anayetaka kuruka. "Haloo," anasema. "Haloo, haloo." Juu ya mlingoti nje ya ofisi ya kijiji, ile horni kubwa inayosikika mpaka mwisho wa bonde imenyamaza. Somoe ndiye mtangazaji wa kijiji cha Nyamtope, na leo, Mungu wangu, anaogopa.

2

UJUMBE WA SIMU KUTOKA WILAYANI
KWA: Watendaji wote wa vijiji vya bondeni
YAH: TAHADHARI YA MAJI

Mvua kubwa zimenyesha upande wa juu wa mto. Maji yanatarajiwa kufika kwenu kabla ya alasiri ya leo. Wananchi wote walio mashambani waondoke mara moja kwenda sehemu za mwinuko. Mtendaji ahakikishe tangazo linatolewa kwa kipaza sauti, kisha awasilishe taarifa ya utekelezaji.

3

Na jua linawaka, nakwambia! Wingu hakuna hata la dawa. Ukisimama hapo ofisini huoni sababu ya mtu kukimbia.

Lakini nusu ya kijiji iko bondeni kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wanalinda mpunga usiliwe na ndege. Huko simu hazishiki. Njia ya miguu imekatwa na kijito tangu asubuhi, na mitumbwi yote wanayo wao hukohuko. Kuwafuata hakuwezekani. Kilichobaki ni kuwaita.

Dungu la mwisho kabisa, lile lililo karibu na mto, ni la Bi Mwanate, mama yake Somoe. Yuko humo na mjukuu wake Shangwe, mtoto pekee wa Somoe, aliyelilia kwenda kwa bibi mpaka akapelekwa.

Basi. Sasa unajua kwa nini anaogopa.

4

(Barazani, watu wanne wanaongea kwa mpigo mmoja.)

— Mashine si ilikuwa nzima juzi?

— Juzi ilikuwa harusini, kijiji cha pili. Waliiazima.

— Basi imerudi na adapta siyo yake.

— Aliyeipokea hakukagua?

— We! Ukirudishiwa sufuria unaikagua mbele ya aliyeileta? Si umemwita mwizi mchana kweupe!

— Sasa tutakufa na adabu zetu.

— Nyamaza. Usitaje kufa.

5

Kibandiko nyuma ya amplifaya:

INGIZO: VOLTI 24. AMPEA 5.
TUMIA ADAPTA YAKE TU.
UKIUNGA WAYA MWENYEWE, CHANYA NI ULE W

(hapo kimefutika kwa jasho la vidole)

6

Adapta zilizopatikana Nyamtope nzima ziko mezani.

Ile iliyorudi na harusi ni ya king'amuzi. Volti kumi na mbili. Inawasha taa tu, basi, imemaliza.

Ya kompyuta ya ofisi pini yake ni nene. Somoe ameisukuma mpaka kidole kimechubuka.

Ya printa! Volti ishirini na nne! Inaingia kama ilizaliwa hapo. Bwana Mwaipaja, mtendaji, aliyehamishiwa hapa majuzi kutoka Tukuyu, anapiga makofi.

"Chomeka, mama Shangwe, chomeka!"

"Hii ni ampea moja, mtendaji. Mashine inataka tano."

"Ishirini na nne si ishirini na nne?"

"Ni punda mmoja, mzigo wa punda watano. Ataunyanyua. Sijui atafika wapi."

Mwaipaja anajifuta uso kwa tai. Anatazama bonde, anatazama simu, anatazama tena bonde. "Kama tuna punda mmoja," anasema kwa sauti ndogo, "tumpakie huyohuyo."

7

TANGAZO! TANGAZO! WALIO BONDENI, MAJI YANAKUJA! ACHENI MPUNGA! PANDENI MLIMANI!

Ndege wanaruka kutoka kwenye mpunga, bonde zima. Barazani mama mmoja anaanza kulia.

TANGAZO! TANGAZO! Walio bondeni, maji yanakuja! Acheni mpunga! Pandeni mli   ma   ni

Harufu ya plastiki inayoungua. Somoe anavuta pumzi aite tena. Adapta imevimba ukutani, inatoa moshi.

8

Kimya.

9

"Alhamdulillahi," wanasema watu. "Wamesikia."

Mwaipaja ameshaanza kuandika. *Tangazo limetolewa mara mbili na kupokelewa vyema na*

"Hawatatoka," Somoe anasema.

"Hawatatoka vipi? Hata mimi nimesikia, na masikio yangu haya ya malaria!"

Wewe unayesoma, pengine nawe unaona mara mbili zinatosha. Wewe na mtendaji wote wageni, hamjui. Bondeni mtu hatoki kwa mwito wa kwanza. Huo, wanasema, ni wa upepo. Wala hatoki kwa wa pili. Wa pili ni wa kile kitu ambacho hakitajwi ndani ya mpunga, kinachojua jina lako, kinachoiga sauti ya mwanao, kinachotaka ushuke dunguni ukanyage maji. Kitu hicho hakiwezi kufika tatu. Anayeita mara tatu ni binadamu. Hata horni ilipoletwa wazee waliikubali kwa sharti hilo: kila jambo litangazwe mara tatu mfululizo, na likikatika, hesabu inaanza upya.

Na Bi Mwanate, ole wake Somoe, ndiye mkali kuliko wote kwa hesabu hiyo.

10

Dunguni.

"Bibi, mama anaita."

"Nimesikia."

"Twende."

"Bado moja, mjukuu wangu. Kaa."

"Bibi, mbona mpunga unainama?"

Bi Mwanate anatazama. Mpunga unainama kweli, wote upande mmoja, na upepo hakuna.

"Kaa," anasema. "Bado moja."

11

"Kisaka! Fungua betri ya pikipiki yako!"

Kisaka wa bodaboda anaduwaa. "Mama Shangwe, hiyo ni volti kumi na—"

"Kumi na mbili! Na pikipiki ya ofisi kumi na mbili! Zikifungwa pamoja ni ngapi? Fungua nimekwambia!"

"Pikipiki ya ofisi ni mali ya serikali," Mwaipaja anasema, "kuifungua kunahitaji kibali cha"

Anauona uso wa Somoe. Anakwenda kutafuta spana mwenyewe.

12

Betri mbili sakafuni. Chanya ya hii imeunganishwa na hasi ya ile. Somoe ameuma waya wa adapta iliyoungua, ameuchana, ndani zimetoka nyaya mbili. Zote nyeusi. Mmoja una mstari mweupe mwembamba.

Upi ni chanya?

"Wenye mstari," anasema Kisaka. "Mara nyingi."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi, mama. Hizi za bei poa wakati mwingine wanageuza."

Ukigeuza, amplifaya inakufa papo hapo. Hakuna nyingine. Wote pale ofisini wanalijua hilo, na hakuna anayetaka kuwa yeye aliyesema. Mwaipaja amefumba macho, midomo inamchezacheza. Somoe anashindwa kukumbuka sala yoyote. Anataka mtu amwambie, mtu yeyote, hata aseme uongo.

Wenye mstari.

Chanya.

Bismillahi.

13

Taa.

Imewaka, lakini inafifia kabla hata hajagusa kipaza sauti. Betri ya ofisi ni mbovu. Pikipiki ile huwashwa kwa kusukumwa, kila mtu anajua, imekuwa kichekesho cha kijiji mwaka mzima. Leo hakuna anayecheka. Nguvu iliyomo haitoshi miito mitatu. Pengine mmoja.

Akisoma tangazo, kule bondeni litahesabiwa la kwanza, maana mfululizo ulikatika. Mama yake atakaa akisubiri mawili mengine.

Asiposoma tangazo, akaita kwa kilio cha mtoto kwa mama yake, kile kitu nacho ndivyo kinavyoita. Hivyohivyo.

"Sema chochote!" Kisaka anapiga kelele. "Taa inaondoka!"

14

MAMA

MAMA NI MIMI SOMOE

USIHESABU

Usihesabu mama, mashine imeharibika, nakuomba, mbebe Shangwe mtoke, mtoke wote, maji haya hapa, mama naogopa, mimi naogopa mw

15

TAARIFA YA UTEKELEZAJI
Kijiji: Nyamtope
Tangazo: limetolewa
Idadi ya wananchi waliookolewa:

(Mwaipaja ameshika kalamu. Ameiweka. Ametoka nje kusimama karibu na Somoe chini ya mlingoti. Kutoka bondeni sasa inasikika ngurumo ndogo, ya chinichini, isiyokatika.)

16

Sauti ilimfikia Bi Mwanate ikiwa imepasuka. Haikuwa tangazo. Ilimtaja mjukuu wake kwa jina na kumwambia yeye ashuke naye, na tangu akiwa mdogo alifundishwa kwamba ikikuita hivyo ujifunike nguo kichwani, umkumbatie mtoto na usijibu.

Alichukua kanga. Akajifunika. Akamkumbatia mtoto.

"Bibi, mama analia."

"Sio mama."

"Anaogopa, bibi."

Bi Mwanate alizipitia kichwani hadithi zote za kitu kile, za mama yake na za bibi yake, jinsi kinavyobembeleza, jinsi kinavyocheka, jinsi kinavyoimba. Hakuna hata moja ambamo kilikuwa kinaogopa.

Akaitupa kanga. Akambeba Shangwe mgongoni, akamwambia ashike shingo asiachie, akageukia ngazi.

Vipandio vya chini havikuonekana tena. Mtumbwi ulikuwa bado umefungwa kwenye nguzo, ukivuta kamba, na kutoka dungu la jirani mtu alikuwa anapaza sauti, "Mwanate! Unakwenda wapi? Tatu hazijatimia!"

"Njooni!" alipiga kelele, akiingiza mguu majini. "Ni mwanangu yule! Njooni! Njoo